Kwa mnaoomba barua za mapendekezo kwa wahadhiri: mpeni mwalimu kitu cha kukumbuka

Wanajamvi, salamu kwenu.

Ninafundisha katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, huu ukiwa mwaka wangu wa kumi na tisa, na kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kwanza sehemu kubwa ya jioni zangu huishia kwenye kuandika barua za mapendekezo za wanafunzi wanaotafuta ufadhili au nafasi ya kusoma nje ya nchi. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo la Ijumaa iliyopita ambalo limenikaa moyoni, na naamini humu wamo wengi, wanafunzi na wahadhiri, ambao limewahi kuwafika.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nafunga ofisi. Mlangoni alisimama kijana aliyehitimu miaka mitatu iliyopita, amevaa vizuri, ameshika bahasha ya kaki, na jasho linamtiririka kwa sababu alikuwa amepanda daladala mbili kutoka Mbezi akihofia kunikosa. Akaniamkia, akanieleza kwamba anaomba shahada ya uzamili Ujerumani na kwamba mfumo wa maombi unafungwa usiku ule ule. Sura niliijua, ila jina halikunijia, maana nilimfundisha takwimu katika ukumbi wa watu zaidi ya mia nne, akiwa mwaka wa kwanza, na baada ya hapo hatukukutana tena darasani. Nilipomuuliza ni jambo gani alilolifanya katika somo langu ambalo angependa nilieleze, alifikiri kidogo, akasema: "Dokta, nilipata B+." Nikarudi kuketi, nikawasha kompyuta, na ilipofika saa mbili usiku nilikuwa nimetuma barua isiyo na uongo wowote ndani yake na isiyo na kitu chochote pia.

Kiini chake kilikuwa hiki: "Ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na ushirikiano mzuri na wenzake. Alihudhuria vipindi na kufaulu somo langu. Ninampendekeza bila kusita." Isomeni tena mkijifanya ninyi ndio mnaochagua, mezani mna mafaili ya waombaji mia mbili, na nafasi ni nane. Sentensi zile zingeweza kuandikwa juu ya mwanafunzi yeyote kati ya wale mia nne, na msomaji mzoefu anapoziona anaelewa mara moja kwamba mwandishi hamjui anayemwandikia. Kijana yule si mvivu na wala hakuwa na dharau. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza barua hii ni kitu gani na hutengenezwa na nini, ingawa alikaa nasi miaka mitatu tukimfundisha kunukuu vyanzo na kupanga sura za tasnifu.

Sasa niwaonyeshe barua ya aina nyingine, niliyomwandikia mwanafunzi mwingine mwaka jana, nikiwa nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha: "Alipogundua kwamba kifaa cha kupimia chumvi alichokitumia kwenye visima 38 vya Mbagala hakikuwa kimesawazishwa kabla ya kazi kuanza, hakuja kuniuliza kama vipimo vile vinaweza kupita. Alikuja kuomba aongezewe wiki moja ya kukaa na kifaa. Alirudia visima vyote, na katika tasnifu yake akaweka vipimo vya kwanza na vya pili katika jedwali moja ili msomaji aone tofauti." Hapa hapana neno "mwaminifu" wala neno "mwenye bidii", lakini mchaguzi aliyeko Uholanzi ameshamwona mtu mwenye sifa zote mbili akitembea na ndoo na daftari katika jua la Mbagala.

Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba habari ya kifaa kile mimi nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilisimamia wanafunzi kumi na mmoja mwaka ule, na waliofuata wamenipita wengine zaidi ya thelathini. Nilikumbuka kwa sababu yeye mwenyewe, katika barua pepe yake ya kuniomba, aliandika mistari minne kuhusu visima, kifaa, na wiki ile ya nyongeza. Niliposoma, kila kitu kilirudi: hata daftari lake la kaunta lenye madoa ya maji nililiona akilini. Mwalimu anayewapenda wanafunzi wake bado ni mtu mwenye kumbukumbu ya kibinadamu, na kazi kubwa ya mwombaji ni kuifufua kumbukumbu hiyo kwa mambo ya kweli, mapema, kabla mwalimu hajaketi kuandika.

Nianze na suala la nani aombwe, kwa kuwa hapo ndipo makosa mengi huanzia. Wanafunzi wengi humkimbilia mwenye cheo: mkuu wa idara, rasi wa ndaki, profesa anayeonekana kwenye televisheni. Cheo kina uzito wake pale tu mwenye nacho anapoifahamu kazi yako. Profesa aliyekuona mara mbili kwenye mahafali ataandika barua kama ile yangu ya Ijumaa, wakati mhadhiri msaidizi aliyekaa na wewe maabara kwa muhula mzima anaweza kuandika kurasa mbili zenye mifano. Nakiri kwamba kuna masharti yanayobana. Ufadhili wa Serikali ya China kwa shahada za uzamili na uzamivu, kwa mfano, hutaka barua mbili kutoka kwa maprofesa au maprofesa washiriki, hivyo hapo mhadhiri wa kawaida hatoshi hata akujue vipi. Someni masharti kabla ya kumfuata mtu. Ufadhili wa Fulbright wa Marekani na vyuo vingi vya huko hutaka barua tatu, vyuo vingi vya Uingereza hutaka mbili, na ufadhili wa Chevening, ambao ni wa Serikali ya Uingereza, nao hutaka wapendekezaji wawili, ambao mmoja anaweza kuwa mkuu wako wa kazi. Kwa programu za DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, zinazolenga watu waliokwisha kufanya kazi angalau miaka miwili, barua ya mwajiri ndiyo yenye nafasi ya kwanza, nayo inatakiwa iwe kwenye karatasi yenye nembo, iwe na saini, muhuri, na tarehe ya karibuni. Mwombaji mwenye barua nzuri ya mwaka juzi isiyo na muhuri hujikwamisha kwa jambo la dakika tano.

Kuhusu namna ya kuomba, ninashauri ombi la kwanza liwe la maandishi hata kama mnakutana kila siku, kwa sababu mwalimu anayeombwa uso kwa uso ukumbini hushindwa kukataa, na kukubali kwa haya ndiko kunakozaa barua dhaifu. Andikeni kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa kadiri mnavyozoeana naye. Mimi ningefurahi kupokea ujumbe wa namna hii:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni (jina), nilihitimu mwaka 2022 katika Sayansi ya Mazingira, na ulinisimamia katika utafiti wa mwaka wa mwisho kuhusu chumvi kwenye visima vya Mbagala. Ninaomba kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa maji nchini Uholanzi, na maombi yanafungwa tarehe 1 Februari. Naomba kujua kama unaona unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuniandikia barua yenye uzito. Iwapo majukumu ni mengi, au unaona yupo mwingine anayenifahamu zaidi, nitaelewa, na nitashukuru kuambiwa mapema ili nijipange. Ukiridhia, leo hii hii nitakutumia transkripti, wasifu wangu, rasimu ya maelezo yangu binafsi, na ukurasa mmoja wa kumbukumbu za kazi niliyoifanya chini yako."

Angalieni sentensi ya nne na ya tano. Zinampa mwalimu nafasi ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Mwalimu akijibu kwamba angependelea umwombe mwingine, msikasirike wala msimbembeleze, maana amewaokoa na barua baridi ambayo msingeiona kamwe.

Ule ukurasa mmoja wa kumbukumbu ndio unaobeba kila kitu, kwa hiyo niueleze kwa urefu. Msijisifu ndani yake. Andikeni matukio: swali mlilouliza semina likabadilisha mjadala, kosa mlilolifanya na namna mlivyolirekebisha, kazi ya kikundi ambayo wenzenu waliitelekeza mkaibeba, maoni ya mwalimu pembezoni mwa insha yenu ambayo mliyafanyia kazi. Kama insha yenyewe bado ipo, pigeni picha ukurasa wenye wino mwekundu muutume, kwa kuwa mwandiko wangu mwenyewe hunikumbusha mwanafunzi kuliko picha yake ya pasipoti. Semeni pia mnataka kwenda kusoma nini na kwa nini, ili barua izungumze na programu ile na si na dunia nzima, na kama mmeomba barua kwa watu watatu, mwambieni kila mmoja mwenzake ataeleza upande gani. Mmoja akieleza utafiti, mwingine darasani, wa tatu mafunzo kwa vitendo, faili lenu litasomeka kama habari ya mtu mzima.

Tena, msisahau kuweka maelezo ya alama zetu. Katika vyuo vyetu vingi GPA, yaani wastani wa alama, hupimwa kwa 5, daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5, na A huanzia alama 70. Mtu wa Marekani aliyezoea GPA ya 4 akiona 3.9 bila maelezo anaweza kuisoma kwa kipimo cha kwao, na akiona alama 72 kwenye karatasi anaweza kudhani ni mwanafunzi wa kawaida sana. Mwalimu akiweka sentensi mbili za ufafanuzi katika barua, jambo hilo linakuwa limekwisha, lakini wengi wetu hatuliweki mpaka tukumbushwe.

Muda: wiki nne ni vizuri, wiki tatu zinatosha, chini ya mbili mnamwomba mwalimu msaada wa dharura. Kumbukeni kwamba kati ya mwezi wa saba na wa tisa wengi wetu huwa tunazunguka mikoani kukagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, mara Kibondo mara Newala, na intaneti hupatikana kwa kubahatisha. Programu nyingi za uzamivu za Marekani hufunga maombi kati ya tarehe 1 na 15 Desemba, na saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, wakati wa majira yao ya baridi, ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya siku inayofuata kwetu. Nimeshuhudia mwanafunzi aliyeandika kwenye ujumbe wake "saa 11:59" bila kusema ni ya wapi wala ni ya asubuhi au usiku, na mwalimu wake akaielewa kama saa kumi na mbili jioni ya hapa. Safari hiyo hakuna kilichoharibika, kwa kuwa aliwahi zaidi, lakini mngeweza kufikiria kinyume chake.

Naomba michango na maswali. Nitajibu jioni.

*

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Mwalimu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi nilifanya karibu yote uliyoyasema, lakini msimamizi wangu alinijibu kwa mstari mmoja: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Nilikaa siku tatu sijui nifanye nini. Nikijisifu naona aibu, nisipojisifu naogopa kukosa. Mwisho niliandika maneno niliyoyaona kwenye mifano ya intaneti, akasaini bila kusoma. Je, nilikosea?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, kosa kubwa halikuwa lako. Utaratibu huo umeenea sana katika vyuo vyetu, na wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaoufuata kwa sababu wana wanafunzi wengi kupita kiasi. Hata hivyo nauona kuwa ni kuudanganya upande wa pili, kwa kuwa msomaji anaamini anasikia sauti ya mwalimu. Pia unamwumiza mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi hawezi kuandika kitu ambacho mwalimu peke yake anakijua, yaani namna anavyolingana na wengine wote waliopita mikononi mwa mwalimu huyo. Fomu nyingi za Marekani huuliza hilo waziwazi: je, huyu yumo katika asilimia 5 ya juu ya uliowafundisha, au 10, au 25? Zaidi ya hayo, mwanafunzi akijiandikia barua zote tatu, zitafanana mtindo hadi mahali anapoweka mkato, na wachaguzi wanaosoma mamia ya mafaili hulitambua hilo.

Likikutokea tena, jaribu kujibu hivi: "Nashukuru sana Dokta. Ili nikupunguzie kazi, nimekuandalia kumbukumbu zote kwa mpangilio, pamoja na tarehe na alama. Naomba maneno na maoni yawe yako, hata kama barua itakuwa fupi." Wahadhiri wengi hulainika wanapoona kazi ya kukusanya habari imekwisha kufanyika, kwa sababu hiyo ndiyo inayotuchosha, kuliko kuandika kwenyewe. Akishikilia msimamo wake na huna mwingine, basi andika matukio matupu bila sifa, na umwombe aongeze aya moja tu ya maoni yake.

*

Mchangiaji kutoka Eldoret:

Hapa kwetu Kenya hali ni hiyo hiyo. Swali langu ni kuhusu sisi tuliosoma katika madarasa makubwa sana na hatukuwa watu wa kuzungumza. Nina alama nzuri, lakini sina mhadhiri hata mmoja anayenijua kwa jina. Nimebakiza muhula mmoja. Je, nimechelewa?

Mleta uzi:

Hujachelewa, ila usiupoteze muhula huu. Chagua masomo mawili unayoyapenda kweli, uende kwa mhadhiri katika saa zake za kuonana na wanafunzi ukiwa na swali linalotokana na kazi yake au na kitu ulichosoma, na si swali la "mtihani utatoka wapi". Ukifanya hivyo mara tatu au nne, utakuwa na historia naye. Nilikuwa na mwanafunzi mkimya kiasi kwamba sikuwahi kusikia sauti yake darasani. Siku moja alikuja na grafu aliyoichora kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, akiniuliza kwa nini matokeo yake hayalingani na mfano niliouweka ubaoni. Nilipochunguza nikakuta mimi ndiye niliyekosea kunakili namba. Barua yake ilijiandika yenyewe miaka miwili baadaye.

Njia nyingine ni mwalimu wa semina au wa maabara, ambaye mara nyingi ni mhadhiri msaidizi. Yeye ndiye aliyesahihisha kazi zako na kukuona ukifanya. Muombe yeye aandike maelezo, kisha mhadhiri mkuu wa somo ayasome na waisaini barua wote wawili, ikiwa imeelezwa wazi nani alikuona wapi. Hilo ni jambo la halali na linaheshimika. Vilevile msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, hospitalini, kiwandani au shuleni, ana macho ambayo sisi wa ukumbini hatuna.

*

Mchangiaji kutoka Arusha:

Mfumo wa chuo kimoja cha Marekani umeniuliza kama ninaachilia haki yangu ya kuiona barua. Naogopa kuachilia kwa sababu sijui mwalimu ataandika nini. Tena barua pepe ya mwalimu wangu ni ya Gmail, na nimesikia hawaipendi.

Mleta uzi:

Sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu humpa mwanafunzi anayejiunga na chuo haki ya kuona barua zilizoandikwa juu yake, isipokuwa ameiachilia haki hiyo kwa maandishi. Ninakushauri uiachilie. Barua ambayo mwanafunzi anaweza kuiona husomwa kwa mashaka kidogo, maana msomaji hudhani mwandishi alijizuia. Kama humwamini mwalimu kiasi cha kumwachia aandike bila wewe kuona, hiyo ni dalili ya kumtafuta mwingine.

Kuhusu anwani, tumia ile ya chuo kama anayo na anaisoma. Kuna baadhi ya mifumo inayouliza maswali ya ziada inapoona anwani ya bure, kwa kuwa wapo waombaji waliowahi kujifungulia anwani kwa majina ya walimu wao. Lakini kama mwalimu wako hafungui kabisa anwani ya chuo, usiiandike kwa ajili ya kupendeza, kwani kiungo cha kuwekea barua ambacho mfumo humtumia mwalimu kitatumwa huko na kufia huko. Muulize anapendelea ipi. Siku utakapomwandikisha kwenye mfumo, mpigie simu au mtumie ujumbe kumwambia kwamba kiungo kimetumwa, kimetoka kwa nani, na kwamba aangalie hadi kwenye barua taka. Nusu ya barua zangu zilizochelewa chanzo chake kilikuwa hapo.

*

Mchangiaji, mhadhiri mwenzenu:

Naunga mkono mengi, lakini niseme jambo moja kwa upande wetu. Wanafunzi wengine hutukumbusha kila siku, mpaka saa tano za usiku kwa WhatsApp. Hilo linavunja moyo.

Mleta uzi:

Ni kweli, mwenzangu, na ni kweli pia kwamba wapo wenzetu wanaoahidi na kusahau. Mimi mwenyewe nilikosa nafasi moja katika ujana wangu kwa sababu barua ya mwalimu niliyemtegemea ilifika siku tisa baada ya muda, na kwa haya sikuwa nimemkumbusha hata mara moja. Tangu hapo huwaambia wanafunzi wangu watumie kumbusho moja wiki moja kabla, la pili siku mbili kabla, yote mawili mchana, mafupi, yenye tarehe na kiungo ndani yake ili mwalimu asihangaike kutafuta ujumbe wa zamani. Mwanafunzi anayefanya hivyo hanisumbui, ananisaidia.

*

Mchangiaji (ameomba asitajwe alipo):

Mwalimu, mimi ni binti wa mwaka wa tatu. Nilimwomba mhadhiri barua, akasema yuko tayari, lakini tuonane hotelini Jumamosi jioni "tuzungumze vizuri". Nimekaa kimya wiki nzima. Muda wa maombi unakaribia.

Mleta uzi:

Binti yangu, usiende. Barua ya mapendekezo huombwa na kuandikwa ofisini au kwa barua pepe, na hakuna sehemu yake yoyote inayohitaji hoteli. Ujumbe wake usiufute. Mjibu kwa maandishi, kwa adabu, kwamba ungependa kuonana ofisini saa za kazi, au kwamba utamtumia nyaraka kwa barua pepe, na jibu lake ulihifadhi pia. Kama anaifanya barua iwe malipo ya jambo jingine, hilo ni kosa la jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhusu mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono au upendeleo mwingine kama sharti la kutoa huduma. TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Anza na mtu unayemwamini chuoni, awe mshauri wa wanafunzi, dawati la jinsia kama lipo, au mhadhiri mwingine wa kike au wa kiume ambaye hutamwonea haya.

Na barua utaipata kwingine. Nitumie ujumbe wa faragha ukiwa na transkripti na ukurasa wa kumbukumbu kama nilivyoeleza hapo juu, na unieleze ni nani aliyekufundisha somo la maabara au semina. Nitakusaidia kupanga ombi la kumpelekea mtu sahihi, leo.

Wengine ambao mmeniuliza kwa faragha kama inafaa kumpa mwalimu chochote kabla ya barua: hapana, hata soda. Barua ni sehemu ya kazi yetu. Baada ya matokeo, njooni mtuambie mmepata au mmekosa, kwa sababu mwalimu akishaituma barua hubaki akijiuliza, na wengi hawarudi kumwambia.

*

Mchangiaji kutoka Bukoba:

Msimamizi wangu wa tasnifu alifariki mwaka juzi. Yeye ndiye pekee aliyeijua kazi yangu yote, na ndiye aliyeniambia niombe uzamivu. Sijui nimtaje vipi kwenye fomu inayodai barua ya msimamizi.

Mleta uzi:

Pole sana, Mungu amrehemu. Andikia ofisi ya udahili ya chuo unachoomba, kwa mistari michache, kwamba msimamizi wako amefariki na unaomba kuruhusiwa barua ya mtu mwingine. Maombi ya namna hiyo yanaeleweka. Kisha nenda kwa mtahini wa ndani aliyeisoma tasnifu yako, maana yeye aliisoma kurasa zote na aliandika ripoti. Muombe mkuu wa idara afungue faili lako, kwa sababu ripoti za maendeleo ambazo marehemu alikuwa akizijaza kila muhula huhifadhiwa humo, zikiwa na saini yake. Mtahini anaweza kunukuu maneno yale katika barua yake na kueleza ni ya nani. Nilifanya hivyo mara moja kwa mwanafunzi wa mwenzetu aliyetutoka. Katika ripoti ya muhula wa pili tulikuta ameandika kwa kalamu ya bluu, pembeni kabisa ya fomu, "Huyu aendelee hadi mwisho," na sentensi hiyo niliiweka katika barua kama ilivyo.